Barua ya wazi kwa wakuu wa usalama Mombasa: ile alama ya kuuliza imekwenda wapi?

Kwa Kamanda wa Polisi wa Kaunti, kwa Mkuu wa Upelelezi, kwa Kamishna wa Kaunti, na kwa kila mwenye kalamu ya kuidhinisha programu za kompyuta zitakazotumiwa na polisi hapa kwetu.

Assalaam aleikum. Na wasiotumia salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, naishi Mlaleo, Kisauni. Siandiki kwa chuki. Jirani yangu, mama anayekaanga mahamri, alikatwa panga mkononi alfajiri akitoka kuwasha jiko. Kidole chake cha shahada hakikunji tena. Siku hizi unga anakandiwa na bintiye. Waliomtenda vile nataka washikwe leo kabla ya kesho. Na kwa kuwa nataka washikwe wao hasa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Majuzi tuliitwa kikaoni kuelezwa programu hiyo ya polisi, wazee wa mtaa na akina mama wa Nyumba Kumi, tukakaa kwenye viti vya plastiki. Kijana mmoja, shati limenyooshwa pasi hata unaogopa kumsogelea, alirusha ukutani ramani ya Kisauni iliyojaa madoa mekundu kama mtoto mwenye tetekuwanga. Akatueleza kwamba kompyuta ikilishwa rekodi za miaka mingi, inaweza kutoa wasifu wa mhalifu: yaani kutazama matukio yalivyotendeka, kisha kusema aliyeyatenda ni mtu wa namna gani, wa umri gani, anaishi wapi, atafanya nini tena. Akatuonyesha mfano. Mwanamume, umri kati ya miaka 15 na 24, aliacha shule, hana kazi ya kudumu, jioni hukaa maskani, hutembea na wenzake, ana jamaa aliyewahi kushikwa na polisi.

Wazee wakaitikia: ndio hao hao! Mimi nikachungulia dirishani. Chini ya mwembe walikuwa wamekaa vijana kumi na mmoja, pikipiki zao zimeegemezwa ukutani. Wasifu ule uliwaenea wote, kama kanzu ya kushonwa kwa kipimo. Sita kati yao niliwasomesha mimi. Mmoja ndiye aliyempakia yule mama wa mahamri kwenye bodaboda, damu ikimchirizika mgongoni, akamfikisha hospitali na nauli hakutaka.

Niruhusuni niwaambie kisa kidogo. Nilipokuwa mdogo, shangazi yangu alipotelewa na bangili mbili za dhahabu. Akavuka feri, akaenda kwa mpiga bao Likoni. Mzee yule akachora mchanga wake, akanyamaza kitambo, kisha akasema: aliyechukua si mgeni wa nyumba yako, ni mtu mwenye maneno matamu, na hivi sasa pesa zinamsumbua. Shangazi akarudi amekunjuka uso. Kila mtu nyumbani akapata mwizi wake. Mmoja alimwona mtumishi, mwingine akamwona shemeji, bibi yangu akamtaja fundi wa bati ambaye hata hakuwa na maneno matamu. Mtumishi akafukuzwa. Miezi minne baadaye bangili zikapatikana ndani ya mto wa pamba, alimozishonea shangazi mwenyewe kabla ya kwenda Lamu kwenye Maulidi. Mwizi hakuwahi kuwapo.

Kisa hiki nilikikumbuka niliposoma jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2003 na Laurence Alison na wenzake. Walichukua wasifu halisi uliokuwa umeandikwa kwa ajili ya kesi ya mauaji, wakawapa wapelelezi wausome. Baadhi walionyeshwa maelezo ya mhalifu wa kweli aliyepatikana, wengine wakaonyeshwa maelezo ya mtu wa kubuni aliyetofautiana naye kabisa. Kisha wakaulizwa: wasifu huu umempata? Makundi yote mawili, walio wengi waliona umempata. Maneno yakiwa mapana vya kutosha, msomaji mwenyewe huyakaza yakamkaa anayemshuku. Tatizo hilo si la mpiga bao peke yake.

Na kama mnadhani nafanya masihara kuweka ramli na saikolojia ya jinai katika mizani moja, Richard Kocsis na wenzake walifanya hivyo hasa kule Australia, utafiti wao ukatoka mwaka 2000. Waliwapa kesi ya mauaji iliyokwisha kutatuliwa wachoraji wasifu, polisi, wanasaikolojia, wanafunzi wa chuo, na watu waliojiita wabashiri. Kwa jumla wachoraji wasifu waliongoza, lakini waliokubali kupimwa walikuwa 5 tu. Wabashiri hawakuleta kitu zaidi ya sura ya muuaji ambayo kila mtu anayo kichwani. Mwaka 2007 Brent Snook na wenzake walikusanya majaribio ya namna hii wakayapima pamoja, wakaona wataalamu hawawapiti watu wa kawaida kwa kiasi cha kutegemewa. Hiyo ndiyo hali ya fani yenyewe, tena katika nchi zilizoizaa.

Fani hii ilianza vipi? Kule Quantico, Marekani, kitengo cha FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, kilichoundwa 1972 kiliwahoji wafungwa 36, wengi wao wauaji wa mfululizo, wakawagawa mafungu mawili: wenye mpango na wasio na mpango. Watu 36, wote Wamarekani, wote wameshashikwa, wote wamekubali kuongea! Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeniletea sampuli kama hiyo ningemrudishia daftari. Mwaka 2004 mwanasaikolojia David Canter na wenzake waliyajaribu mafungu yale kwa kesi za wauaji wa mfululizo 100 wa Marekani, na mgawanyiko haukuonekana. Dalili za mpango zilikuwa kwa karibu kila mmoja. Canter huyo huyo si adui wa fani. Ndiye aliyewasaidia polisi wa London mwaka 1986 kumfikia John Duffy, mbakaji na muuaji wa kwenye reli, na alifanya kazi nzuri. Nasema hivyo ili msije mkasema mwalimu anachagua ya kumfaa. Lakini mwaka 1995 utafiti wa Gary Copson ulipowauliza wapelelezi wa Uingereza juu ya kesi 184 walizoombea msaada wa wasifu, zile ambazo wasifu ndio uliofikisha kwa mhalifu zilikuwa asilimia 2.7. Wapelelezi wengi walisema wasifu uliwafaa hata hivyo. Shangazi yangu pia alisema hivyo.

Kosa la wasifu nalo lina bei. Julai 1992 mama kijana aliuawa mchana kweupe katika mbuga ya wazi ya Wimbledon Common, London, mtoto wake akiona. Mwanasaikolojia akatoa wasifu, polisi wakaona umemwangukia Colin Stagg, mkaazi wa karibu aliyependa kutembeza mbwa pale. Ushahidi hawakuwa nao. Basi wakamtuma askari wa kike ajifanye amempenda, miezi kadhaa ya barua na simu, ili aseme neno la kumfunga. Hakukiri kitu. Alikaa rumande zaidi ya mwaka, hadi Septemba 1994 jaji alipoutupa ushahidi ule nje. Wakati macho yote yako kwa Stagg, mtu mwingine, Robert Napper, aliingia nyumba moja Novemba 1993, akamuua mama na bintiye wa miaka 4. Ni mwaka 2008 ndipo Napper alipokiri mahakamani kuwa yule wa Wimbledon pia ni yeye aliyemuua. Hesabuni: mtu mmoja asiye na kosa ndani, na makaburi mawili ambayo labda yasingechimbwa.

Najua jibu lenu. Mtaniambia hayo yalikuwa ya mtu kukaa na kukisia, sasa tuna data, na data haina chuki. Haya, tuingie darasani.

Chukueni mfano wa vijana 20,000. Tuseme 100 kati yao kweli hushika panga. Tuseme pia, kwa hisani tu, kwamba programu yenu ni hodari kuliko nyingi: mara 9 katika 10 humtambua mkosaji, na mara 9 katika 10 humwacha asiye na kosa. Itawanasa wakosaji 90. Vizuri. Lakini wasio na kosa ni 19,900, na fungu moja katika kumi la hao ni 1,990. Orodha itakayotoka kwenye mashine ina majina 2,080, na wa kweli ndani yake ni 90. Kwa kila vijana 23 mtakaowabishia mlango usiku, mmoja ndiye. Jazeni matatu ya abiria 14, jazeni nyingine zaidi ya nusu, kisha mtafuteni huyo mmoja. Nani atawalipa wale 22 kwa usiku wao? Na hii ni programu hodari, nimeipa alama ambazo sijaona ikizipata.

Chicago walijaribu. Mwaka 2013 polisi wa mji ule walianza na orodha ya watu 426 waliokadiriwa na kompyuta kuwa karibu zaidi na risasi, ama kupiga ama kupigwa. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipoipima, matokeo yakatoka 2016: mauaji hayakupungua kwa sababu ya orodha, ila waliokuwamo walikuwa na uwezekano zaidi wa kukamatwa kwa kesi za risasi. Orodha ikavimba hadi karibu watu 400,000, kisha 2019 wakaiacha. London nako polisi walianzisha mwaka 2012 daftari la vijana wa magenge, kila jina na alama zake. Mwaka 2018 ofisi ya kulinda data ya Uingereza iligundua kwamba daftari lile halikutenganisha vizuri waliofanya uhalifu na waliofanyiwa. Mtoto aliyechomwa kisu akasimama mstari mmoja na aliyemchoma. Mwaka 2024 nalo likafutwa.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo roho yangu inapouma.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni fundi wa friji. Usiku mmoja alikuwa anarudi kazini, begi la spana mgongoni, akaingia katikati ya msako. Waliokuwa barabarani wote walipandishwa lori. Nilifika kituoni saa kumi na moja alfajiri na chai kwenye thamosi. Kituo sikitaji, na askari wa kaunta alikuwa mtu wa heshima, aliniita mwalimu. Alinigeuzia kitabu nimwonyeshe mpwa wangu ni yupi. Mstari wa saba. Wino wa buluu, jina lake limekosewa herufi moja, umri, mtaa, kisha pembeni, kwa mwandiko mwingine, neno "genge" na mbele yake alama ya kuuliza. Genge? Mtu fulani, usiku wa manane, amechoka, alijiuliza, akaweka alama ya kuonyesha hajui. Saa moja waliachiwa karibu wote, bila kushtakiwa. Nikashukuru, tukaenda zetu.

Niliisahau alama ile hadi siku ya kikao. Yule kijana wa kompyuta alituonyesha jedwali la safu nne: jina, umri, mtaa, kundi. Nikamuuliza, je, aliyeandika kitabuni akiwa na shaka, shaka yake mnaiandika wapi? Akacheka kwa adabu, akasema data husafishwa kwanza. Kusafishwa! Yaani alama ya kuuliza ndiyo uchafu. Mpwa wangu aliyelala chini usiku mmoja bila kosa ataingia kwenye jedwali akiwa na genge, na kwa kuwa yumo, ndugu yake mdogo naye atahesabiwa kuwa "ana jamaa aliyewahi kushikwa". Kesho mtapeleka doria nyingi zaidi mtaani kwetu kwa sababu ramani ni nyekundu, doria zitashika wengi zaidi, ramani itazidi kuwa nyekundu. Nyali hakuna madoa. Ni kweli kwamba Nyali hakuna mapanga kama kwetu, lakini ni kweli pia kwamba Nyali hakuna lori linalopandisha watu barabarani saa tano za usiku.

Na yasiyoandikwa je? Mama wa mahamri hakwenda kuandikisha OB, kitabu cha matukio cha kituoni, hata siku moja. Mwanzoni kwa sababu ya kidonda, baadaye kwa sababu ya woga. Kwa kompyuta yenu, tukio lake halikutokea.

Kuna jambo la jiografia nalo, ingawa ni dogo na labda linanifurahisha mimi peke yangu. Katika aina zote za wasifu wa data, ile ya kukadiria makazi ya mhalifu kwa kutazama mahali alipotenda ndiyo yenye misingi ninayoiheshimu. Canter na Larkin, mwaka 1993, walitazama wabakaji 45 wa Uingereza. Ukiyaunganisha matukio mawili ya kila mmoja yaliyo mbali zaidi na kuchora duara, asilimia 87 waliishi ndani ya duara lao. Lakini nikichukua penseli nikachora duara hilo juu ya Mombasa, kati ya Likoni na Kongowea tuseme, sehemu kubwa yake ni maji, naijaza samaki. Hapa mtu haendi kama ndege arukavyo. Anapita Nyali darajani, au Makupa, au anasubiri feri. Kanuni iliyopimwa katika miji yao haiwezi kupandishwa feri hivi hivi bila kupimwa upya.

Halafu, wakuu wangu, hebu tusemezane kweli. Wasifu ulibuniwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana: mgeni anayeua mgeni, haachi jina. Mapanga ya Kisauni si hivyo. Yanakuja makundi, mara nyingine jua bado linawaka, na nusu ya mtaa unawajua kwa majina na majina ya mama zao. Majina tunayo. Mwaliko wa kuyataja tukiwa salama ndio hatuna. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, lakini muulizeni yeyote sokoni Kongowea kama anajua pa kubisha hodi kesho asubuhi akitaka kusema alichokiona na bado alale kwake. Pesa za programu zingetosha kuanzia hapo.

Sheria ya data mnaijua kuliko mimi, nitaigusa tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na kuchora wasifu kumetajwa humo waziwazi. Kifungu cha 31 kinataka athari zipimwe kabla ya kazi kuanza. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, ile namba moja ya kumtambulisha mtu serikalini, ulikwenda kinyume cha sheria kwa sababu upimaji huo haukufanywa kwanza. Najua kuna msamaha wa usalama wa taifa. Nawaomba msijifiche nyuma yake kwa jambo la mtaani kama hili.

Ninachoomba ni mtihani, kama nilivyowapa watoto wa watu miaka 31. Chukueni kesi za Mombasa ambazo mahakama ya Mombasa au ya Shanzu imeshahukumu na rufaa zimekwisha. Fichani jina la mfungwa. Mpeni mwenye programu maelezo ya tukio peke yake, aandike wasifu wake, autie bahasha, aifunge kwa lakiri. Kesi hizo hizo wapeni mpelelezi mzoefu asiye na kompyuta, na dereva wa tuktuk, na mwalimu mstaafu akihitajika, nao waandike. Kisha zifunguliwe mbele ya mtu wa takwimu asiyelipwa na upande wowote, ihesabiwe nani alipata mangapi, na hasa nani aliwataja wasiohusika wangapi, kwa kila mtaa mbali mbali. Matokeo yabandikwe pale ambapo hata mama wa mahamri atayasoma. Programu ikishinda dereva wa tuktuk kwa kiasi cha kueleweka, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Hata hapo, wasifu uwaelekeze wapelelezi pa kuanza kutafuta ushahidi. Usiwe sababu ya kumpandisha mtu lori, wala usifikishwe kwa hakimu ukiwa umevaa joho la sayansi.

Na kabla ya yote hayo, kabla rekodi moja haijaingizwa kwenye mashine, tunataka kujua majina yasiyofikishwa mahakamani yanaondolewaje, na mtu aende wapi kuuliza kama lake limo. Mpwa wangu mwezi ujao anakwenda kupigwa alama za vidole, apate cheti cha tabia njema. Kuna hoteli huko Diani inataka fundi wa friji. Ameniuliza mara mbili kama usiku ule utamtokea. Nimemwambia sijui.

Kikao kingine kikiitishwa nitakuja. Nitakaa kiti cha mbele, na swali langu la safu ya shaka litakuwa lile lile.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Mlaleo, Kisauni